Mamba Hasomi Leseni

Usiku wa mwezi wa saba, kilomita kama 40 kusini mwa Miami, mamba jike hupanda tuta la udongo, akatuliza kichwa chini na kusikiliza. Ndani ya udongo mna sauti nyembamba: wanawe wanalia wakiwa bado kwenye mayai. Hufukua kwa miguu ya mbele, akawachota mdomoni kwa upole usioutarajia kwa mwenye meno yale, akawateremsha majini. Nyuma yake zinawaka taa za mtambo wa nyuklia wa Turkey Point, na maji anamowaachia wanawe ndiyo yanayozungushwa kuupoza mtambo huo.

Mamba huyu si wa spishi moja na yule anayevizia nyumbu Mto Mara. Ni mamba wa Amerika, mwenye pua nyembamba, mwoga wa watu, anayependa maji ya chumvi kwenye mikoko. Kusini mwa Florida ndiyo ncha ya kaskazini ya makazi yake. Alipoingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka mwaka 1975, jimboni humo walikuwa wamebaki mia chache tu. Wengine waliishia kuwa mikoba na viatu, na mikoko yao ikawa mahoteli na nyumba za ufukweni. Leo wazima wanakadiriwa kufika 2,000, na mwaka 2007 serikali ya Marekani ilimshusha daraja: bado yumo tishioni, lakini si kaburini. Sehemu ya ufufuko huo ilitokea kwenye ua wa mtambo wa nyuklia, na hakuna aliyeupanga.

Kisa chenyewe ni cha joto. Kinu cha nyuklia huchemsha maji, mvuke husukuma mashine za kuzalisha umeme, kisha mvuke huo lazima upozwe urudi kuwa maji. Gawa joto la kinu mafungu matatu: moja ndilo huwa umeme, mawili hutupwa. Mpango wa awali wa kampuni ya umeme ya Florida, FPL, ulikuwa kuyatupa kwenye ghuba ya Biscayne. Lakini mitambo ya mafuta iliyokuwa imetangulia pale ilikuwa tayari imeunguza majani ya bahari kwa maji moto, na serikali kuu ikaenda mahakamani. Mwaka 1971 wakafikia makubaliano, na kampuni ikachimba mifereji. Ukiiunganisha yote inafika kilomita 270, imekunjwa ndani ya eneo la kilomita za mraba 24 hivi. Ukiiona kutoka angani utadhani ni rejeta ya gari iliyolazwa chini. Na kazi yake ni ileile: maji moto yanaingia upande mmoja, yanatembea taratibu huku yakipungukiwa joto, yanarudi kwenye mtambo.

Udongo uliochimbwa ulirundikwa katikati ya mfereji na mfereji. Matuta yakawa marefu, laini, yasiyofikiwa na mafuriko, na eneo zima lina ulinzi. Mhandisi aliona uchafu wa ujenzi. Mamba jike akaona kiwanja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kiota cha kwanza kikagunduliwa, na tangu hapo kampuni imekuwa na wanabiolojia wake wanaozunguka usiku kwa mashua, tochi kichwani, wakikamata vitoto, kuvipima na kuvichomekea chipu chini ya ngozi kabla ya kuviachia.

Hapa ndipo leseni inapoingia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1954 iliweka ukomo wa miaka 40 kwa leseni ya kinu cha umeme. Wengi hudhani hesabu hiyo ilitokana na uimara wa chuma. Sivyo, ilitokana na masuala ya uchumi na hofu ya ukiritimba. Kwa hiyo miaka 40 ikikaribia kuisha, mwenye mtambo huomba aongezewe 20, na baadaye anaweza kuomba 20 nyingine. Vinu viwili vya Turkey Point vilianza kazi 1972 na 1973. Sheria ya kulinda viumbe walio hatarini ilipitishwa mwisho wa mwaka 1973. Maana yake, vinu vilipopata leseni ya kwanza, hakuna ofisa aliyewajibika kwa sheria hiyo kuuliza: mamba je? Swali lilibidi lisubiri mlango ufunguliwe tena, na mlango wenyewe ni kuhuishwa kwa leseni.

Utaratibu ni huu. Tume ya Kudhibiti Nyuklia, kabla ya kutia saini, hushauriana na wataalamu wa idara nyingine ya serikali. Kwa mnyama wa nchi kavu na maji baridi ni idara ya samaki na wanyamapori. Kwa viumbe wa bahari ni idara ya uvuvi wa baharini. Kasa ana bahati ya ajabu: akiwa majini yumo mikononi mwa ofisi moja, akipanda mchangani kutaga anakuwa wa ofisi nyingine. Wataalamu huandika maoni yao. Je, kuendelea kwa mtambo kutahatarisha uhai wa spishi nzima? Kutaharibu makazi inayoyategemea? Jibu likiwa hapana, bado hawaishii hapo. Huandika idadi: wanyama kadhaa wanaweza kunaswa, kujeruhiwa au kufa kwa ajali ya kazi halali, na masharti ya kupunguza ajali hizo ni haya na haya. Idadi ikipitwa, ni lazima pande zote zirudi mezani.

Wapo wanaochukizwa na idadi hiyo, wakisema ni kibali cha kuua. Nawaelewa. Lakini mimi naiona ndiyo mstari wenye ukweli kuliko yote kwenye faili zima. Maneno kama "athari ndogo" hayana mizani. Ukiandika namba, kuna siku mtu atahesabu maiti na kukuambia umevuka.

Mahali pa kuona namba hizo zikifanya kazi ni St. Lucie, mtambo mwingine wa Florida, kwenye kisiwa cha Hutchinson. Huko maji ya kupozea yanavutwa kutoka bahari ya Atlantiki kwa mabomba matatu ambayo midomo yake iko mita 365 hivi kutoka ufukweni, mapana kiasi cha mtu kusimama ndani. Kasa huona pango zuri la kujificha, akaingia. Mkondo unambeba gizani, na baada ya dakika chache anaibuka kwenye mfereji nchi kavu, akipepesa macho upande wa pili wa barabara. Kurudi kwa njia ileile hawezi.

Wamenaswa humo kwa maelfu tangu kinu cha kwanza kilipowashwa mwaka 1976, na ni wa spishi zote tano za pwani hiyo, kuanzia yule tunayemwita kasa wa kawaida mpaka ng'amba na noa. Mwanzoni mfereji ulikingwa na wavu wenye matundu ya inchi 8. Ukawatosha wakubwa. Kisha kasa wadogo wakaanza kuongezeka na kupenya, hivyo mwaka 1996 ukawekwa mwingine wa inchi 5 mbele yake. Wanabiolojia hushinda pale mchana kutwa, wakiwatoa kwa nyavu na kwa kupiga mbizi; huwapima, huwafunga vibandiko vya namba na kuwarudisha baharini. Walio wengi sana hurudi wazima. Na kwa kuwa mtu amekuwa akiandika kila kasa kwa nusu karne, mfereji uliokusudiwa kupoza chuma umekuwa daftari la bahari: kuongezeka kwa kasa wadogo nyavuni ni dalili mojawapo kwamba ulinzi wa fukwe unazaa matunda. Ila sasa idadi iliyoruhusiwa huwa finyu kwa sababu nzuri, na wataalamu hulazimika kukaa upya. Hata mafanikio huvunja masharti.

Kwingine mambo hayakwenda hivyo. Mtambo wa Indian Point, mtoni Hudson kaskazini mwa jiji la New York, ulikuwa ukivuta mamilioni ya mita za ujazo za maji kila siku. Samaki mkubwa hubanwa kwenye chekeche la mlango wa maji. Mayai na viluwiluwi hupita kwenye matundu, vikapikwa ndani ya mabomba. Mtoni humo mna stajeni, samaki wa kale mwenye magamba ya mfupa, anayelindwa na sheria. Ombi la kuhuisha leseni lilivutaniwa kwa miaka. Mwaka 2017 mwenye mtambo, serikali ya jimbo na shirika la kutetea mto walikubaliana ufungwe, na kinu cha mwisho kikazimwa Aprili 2021. Stajeni akapumua. Lakini umeme uliokosekana ulizibwa kwa sehemu kubwa na mitambo ya gesi, na hewa ya ukaa inayotoka humo nayo huvipasha bahari na mto joto. Ukimtoa samaki kwenye chekeche, bado unadaiwa jibu la umeme utatoka wapi.

Turudi kwa mamba, maana kwake habari haikuishia na vitoto vya kupendeza.

Mifereji ya Turkey Point haina mto unaoingia. Jua la Florida huyageuza maji kuwa mvuke, chumvi ikabaki, na mwaka hadi mwaka ikalimbikizana. Kufikia 2014 mvua ilipokuwa haba, chumvi ilizidi ya bahari kwa zaidi ya mara mbili, mwani mdogo ukafumuka na kuyafanya maji kuwa mchuzi wa kijani, na joto likapanda mpaka Tume ikakubali kikomo cha maji yanayorudi kwenye mtambo kisogezwe kutoka nyuzi 37.8 za Selsiasi hadi 40. Mamba mzima ana tezi za kutoa chumvi ulimini, anavumilia. Kitoto hakiwezi: wiki zake za kwanza kinategemea maji baridi ya mvua yanayoelea juu ya yale mazito, au vidimbwi ambavyo wanabiolojia wamevichimba juu ya matuta. Viota vikapungua mno katika miaka iliyofuata. Huku chini, maji hayo mazito yalikuwa yakizama kupitia mwamba wa chokaa wenye matundu kama sifongo na kuingia kwenye hazina ya maji ya ardhini inayonywesha mamilioni ya watu wa Miami na jirani zake. Kampuni ikaanza kuyavuta nje na kuongeza maji yenye chumvi kidogo mifereji ipate kupoa. Hali ikarejea: mwaka 2021 vitoto vilivyokamatwa na kuwekewa alama vilizidi 500.

Sasa sema wewe: mifereji hii ni adui wa mamba au ni mlezi wake? Katika nyaraka za leseni swali hili huwa gumu kuliko majedwali yanavyoonyesha. Athari hupimwa kwa kulinganisha na hali iliyopo, na hali iliyopo, baada ya nusu karne, ndiyo mtambo wenyewe. Ukiuzima kesho, mamba hawatarudishiwa mikoko iliyogeuzwa nyumba za kifahari. Binamu wa nguva wetu wanaoishi Florida wanalijua jambo hili kwa mwili wao: majira ya baridi wengi hujazana kwenye maji moto yatokayo mitambo ya umeme ya aina mbalimbali, kwa kuwa chemchemi nyingi za asili zimeharibiwa au kuzingirwa.

Turkey Point ulikuwa mtambo wa kwanza Marekani kupewa nyongeza ya pili, Desemba 2019, hadi 2052 na 2053. Februari 2022 Tume ikajigeuka: uchambuzi wa mazingira uliotegemewa ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya nyongeza ya kwanza tu, haukutosha kwa miaka 80. Tarehe zikarudishwa nyuma hadi 2032 na 2033, kazi ikafanywa upya, na Septemba 2024 zile za mbali zikarejeshwa.

Kwetu jambo hili si la mbali kama linavyosikika. Kenya inataka kujenga mtambo wake wa kwanza. Eneo lililotajwa awali lilikuwa Uyombo, Kilifi, jirani na fukwe za Watamu wanakotaga kasa na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wenyeji waliandamana mwaka 2024. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Huko hakuna kasa, lakini katika kaunti hiyohiyo lipo Ziwa Kanyaboli, mojawapo ya maficho ya ngege baada ya kutoweshwa kwenye ziwa kubwa, na kinamasi cha Yala chenye nzohe. Anayejenga leo ana nafasi waliyoikosa watu wa Florida: kuhesabu kabla ya pampu ya kwanza kuwashwa, wakati ziwa bado ni ziwa na si rejeta.

Leseni ya 2024 ilipotoka, vitoto vya kiangazi hicho vilikuwa vimeshatotolewa. Jike kati yao huanza kutaga akifikisha miaka kumi na kitu, na mamba wa aina hii anaweza kuishi miaka 60. Kinu cha mwisho kikifikia ukomo wake mwaka 2053, atakuwa na miaka karibu 29. Mwezi wa nne au wa tano atapanda tuta lile alikototolewa, achimbe kwa miguu ya nyuma, afukie mayai yake na kurudi majini kusubiri, pampu ziwe zinazunguka au zimezimwa.