JUMA MOJA DARASANI: SIKU MBILI ZIKIPOTEA, KINAPOTEA NINI?

Wakati wa masika, magugu yanapoanza kuyashinda mahindi, wazazi wengine katika mashamba yetu ya Mpeketoni, Hindi na Witu huwaacha watoto nyumbani Jumanne na Jumatano. Mtoto mmoja hushika jembe, mwingine huamia mahindi yasiliwe na nyani. Mzazi husema, "Ni siku mbili tu. Alhamisi atarudi shule."

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini nilisomea ualimu. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wakulima juma la shule lilivyopangwa, ili kila mzazi ajipimie mwenyewe uzito wa siku hizo mbili.

VIPINDI VYA JUMA

Tuchukue Gredi ya 4. Mtoto wa gredi hiyo ana vipindi 35 kwa juma, yaani 7 kila siku, na kila kipindi ni dakika 35. Husoma Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi, Kilimo, Maarifa ya Jamii, dini, na sanaa pamoja na michezo. Mpango huu ni mmoja, kutoka Mpeketoni hadi Faza na Kizingitini ng'ambo ya maji.

Basi mtoto akikosa siku mbili amekosa vipindi 14 katika 35. Hasara hiyo ni kubwa, lakini iko nyingine iliyo kubwa zaidi.

SOMO MOJA KWA SIKU TANO

Mwalimu hapangi masomo ovyo ovyo. La leo hukaa juu ya la jana, kama mawe ya ukuta. Natoa mfano wa somo la kupima eneo.

Jumatatu, watoto huchora mstatili uliogawanywa katika miraba midogo, 6 kwa upana na 4 kwenda chini. Huihesabu mmoja mmoja mpaka 24. Kazi hii ni ya polepole, na mwalimu ameitaka iwe hivyo.

Jumanne, mwalimu huuliza: "Je, hakuna njia fupi?" Watoto huona kwamba iko mistari 4, na kila mstari una miraba 6. Basi 6 mara 4 ni 24. Hapa ndipo penye kiini cha somo lote.

Jumatano, hutoka nje na kamba, wakapima tuta la mboga. Urefu ni mita 5, upana mita 2. Eneo lake ni mita 10 za mraba.

Alhamisi, hufanya hesabu daftarini. Tuta la mita 8 kwa 3 litataka madebe mangapi ya samadi, ikiwa kila mita ya mraba yataka debe moja? Jibu ni madebe 24.

Ijumaa, mwalimu hutoa jaribio, apate kujua nani ameelewa na nani bado.

Sasa mtazame mtoto aliyerudi Alhamisi. Anasikia, "Zidisha urefu kwa upana." Anazidisha kwa kuwa ameambiwa, na huenda akapata jibu. Lakini mpe shamba lenye pembe iliyokatwa, naye hajui aligawe vipi, kwa sababu hakuwapo siku ile wenzake walipoona sababu. Jumatatu ijayo mwalimu ameingia somo jingine, na mtoto huona haya kuuliza.

Mtoto huyo ndiye atakayerithi shamba. Ekari moja ni kama mita 4,047 za mraba. Asiyejua kupima atalipia trekta ekari mbili zilizolimwa moja na nusu, au atauza kipande cha ardhi kwa kipimo cha mnunuzi.

Tena yafaa kukumbuka kwamba mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku hizi kazi za darasani katika Gredi ya 4, 5 na 6 huhesabiwa pia katika maendeleo ya mtoto.

MAMBO YA KUFANYA

Twajua kwamba magugu hayangoji. Lakini yako mambo yawezekanayo:

1. Panda kwa mistari, na uanze palizi mapema, magugu yakiwa madogo. Kazi itakuwa nyepesi, na msaada wa watoto wa Jumamosi waweza kutosha.

2. Majirani wanne au watano wafanye zamu ya kuamia nyani. Mtu mzima mmoja aweza kulinda mashamba yanayopakana, na watoto wote wakaenda shule.

3. Mtoto akiwa hana budi kukosa, mwarifu mwalimu mapema. Jioni ile ile mpeleke kwa mwenzake akaone daftari.

4. Kila Ijumaa mwambie mtoto akufundishe alilojifunza. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kumwambia, "Twende ukanipimie lile tuta la mchicha." Akikwama, utajua mara moja.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule. Lakini tusingoje kusukumwa na sheria. Mahindi yakiharibika msimu huu, twaweza kupanda tena msimu ujao. Lakini Jumanne ya mtoto ikipita, mwalimu hana msimu mwingine wa kuirudia.