Tairi Inapokwaruza Gari

Gari la mizigo na abiria likipita kijijini kwenu, hebu lisikilizeni. Je, likiingia shimoni linatoa sauti ya kukwaruza kwenye magurudumu? Likikata kona je? Sauti hiyo ni ya tairi kugusa bati au chuma. Tairi ikigusa kila siku huliwa ubavuni, na siku moja hupasuka. Gari hilo hilo ndilo huenda litampeleka mgonjwa Peramiho usiku. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote, mwenye gari na abiria.

Mara nyingi chanzo chake ni rimu pana. Gari hutoka kiwandani na rimu zake, kisha mwenyewe hununua nyingine pana ili lipendeze. Hatumlaumu, kila mtu anapenda kizuri. Lakini tupime. Tuseme rimu ya zamani ina upana wa inchi 6, na mpya ina inchi 8. Zimeongezeka inchi 2, yaani milimita 51 hivi. Nusu ya nyongeza huenda nje, na nusu huenda ndani. Kila upande umepata milimita 25, sawa na upana wa kidole gumba. Kwenye magari mengine nafasi yote iliyopo kati ya tairi na shokapu ni hiyo hiyo ya kidole gumba. Basi imekwisha.

Kuna namba nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaitazami. Geuza rimu, utaona herufi ET na namba, kwa mfano ET 45. Namba hiyo ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye gari. Namba ikipungua, gurudumu hutoka nje. Namba ikizidi, gurudumu huingia ndani. Ukitoa rimu ya ET 45 ukafunga ya ET 35 yenye upana ule ule, gurudumu limetoka nje milimita 10. Muuzaji akikuambia "itakaa tu", mwombe aigeuze uisome mwenyewe.

Sasa tutajuaje tairi inagusa wapi? Chukua chaki, kama ile ya darasani. Paka ndani ya madigadi, kwenye shokapu na kwenye chasisi. Pakia mzigo wa kawaida. Endesha polepole, pita penye mashimo, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Kisha shuka uangalie. Chaki ilipofutika ndipo panapoguswa. Hapo hapo tazama mpira wa breki. Kama tairi inausugua, gari lisiende safari hata moja. Mpira huo ukitoboka mafuta ya breki humwagika, na dereva aliyeko kwenye mteremko wa Lukumburu hana tena cha kukanyaga.

Ikigusa upande wa ndani, dawa ni rimu yenye namba ndogo ya ET. Wengine huweka spesa, yaani bamba la chuma kati ya rimu na gari. Yafaa, ila kwa uangalifu. Nati lazima iingie kwenye bolti kwa kina kisichopungua unene wa bolti yenyewe. Bolti ya milimita 12, nati ishike milimita 12. Kupanga washa nyingi badala ya spesa ni kutafuta ajali.

Ikigusa madigadi, fundi anaweza kuukunja ule ukingo wa ndani. Asiukate ovyo, maana rangi ikitoka, mvua zetu za Novemba hadi Aprili huleta kutu upesi. Ikiwa inagusa wakati wa mzigo tu, angalia kwanza springi. Pengine zimechoka, au magunia yamezidi.

Njia nyingine ni tairi fupi zaidi. Soma ubavuni: 205/65 R15. Upana ni milimita 205. Urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 133. Rimu ni ya inchi 15. Ukifunga 205/60 R15, ubavu unakuwa milimita 123. Umepata milimita 10 za nafasi juu ya tairi, ingawa gari nalo limeshuka milimita 10 karibu na ardhi, na barabara zetu za makorongo mnazijua. Tazama pia namba inayofuata. Namba 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615. Usinunue iliyo chini ya ile ya kiwandani.

Tairi ambayo nyuzi zake zimeanza kuonekana ubavuni haitengenezwi. Itupwe. Na baada ya kufunga rimu mpya au spesa, nati zikazwe tena gari likishatembea kilomita 50 hadi 100. Aliyefunga Songea mjini akaelekea Mbinga, akifika tu atoe spana.