Chokaa Inaporudi kwa Matumbawe: Kalsiamu na Ualkali katika Tangi la Maji ya Bahari

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wameijua chokaa tangu jadi. Matumbawe yalichomwa kwa kuni hadi yakageuka chokaa, nayo ikatumiwa kujengea nyumba za Lamu na, kwa kiasi kidogo, kutiwa katika tambuu. Wafugaji wa matumbawe barani Ulaya wamekwenda njia hiyo kinyumenyume: wao huyanywesha chokaa matumbawe yaliyo hai.

Tumbawe, licha ya kupewa upatanisho wa ngeli ya LI-YA mithili ya jiwe, ni mnyama. Hujenga kiunzi chake kwa kuunganisha kalsiamu na bikaboneti zilizomo majini. Bikaboneti hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Baharini akiba hii ni kubwa mno. Katika tangi la lita 300 lililoko sebuleni, hupungua kila siku.

Ikumbukwe kwamba akiba hizi mbili hazilingani. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 420 za kalsiamu, na ualkali wake ni kama digrii 7 kwa kipimo cha Kijerumani wanachokitumia wafugaji. Matumbawe yakitwaa miligramu 20 za kalsiamu katika kila lita, ualkali hushuka kwa digrii 2.8. Kwa hivyo kalsiamu hupungua kwa sehemu moja hivi katika ishirini, ilhali ualkali umepoteza sehemu mbili katika tano! Hapa ndipo wanagenzi wengi hupotoka. Hupima kalsiamu, wakaiona iko karibu pale pale, wakaridhika; kumbe matumbawe yamekwisha kudumaa, na huenda nyama yake laini ikaanza kubanduka na kuacha kiunzi kitupu.

Maji ya chokaa, ambayo Wajerumani huyaita kwa maana iyo hiyo Kalkwasser, yalienezwa na Peter Wilkens katika miaka ya 1970. Sifa yake kuu ni kuleta kalsiamu na ualkali kwa uwiano ule ule unaotumiwa na matumbawe. Chokaa ya waashi haifai kwa kuwa ina uchafu. Hutumiwa iliyosafishwa, gramu zisizozidi 2 kwa lita ya maji yasiyo na chumvi. Yakishatuama, maji ya juu hudondoshwa tone kwa tone, aghalabu usiku, kufidia yaliyogeuka mvuke. Kuyamimina kwa mkupuo ni kuua, maana pH yake hupita 12.

Kipimo hutokana na tangi lenyewe. Ualkali hupimwa saa ile ile kwa siku tatu bila kutia chochote. Ukishuka nusu digrii kwa siku, tangi la lita 300 huhitaji karibu lita moja na theluthi ya maji ya chokaa. Iwapo maji yanayogeuka mvuke hayafiki kiasi hicho, mfugaji hulazimika kutumia miyeyusho miwili, mmoja wa kloridi ya kalsiamu na mwingine wa bikaboneti ya sodiamu. Hii nayo hutiwa kwa nyakati tofauti. Ikikutanishwa kabla ya kuenea majini, hugeuka unga mweupe usioyafaa matumbawe kitu.