Mende: hasara iliyojificha katika mgahawa

Mfanyabiashara anayetaka kununua mgahawa hukagua meza, majiko, friji na daftari la mauzo. Ni wachache wanaorudi usiku na tochi. Lakini ni usiku ndipo huonekana hasara isiyoandikwa daftarini: mende. Mteja akimwona mmoja mezani harudi tena, na bwana afya akikuta wametapakaa jikoni anaweza kuamuru biashara ifungwe.

Anayesumbua zaidi migahawa ni mende mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Hupenda joto na unyevu, hivyo hujificha kwenye mota ya friji, chini ya sinki na katika nyufa za makabati. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa. Katika joto la jikoni, watoto hao hukomaa kwa muda wa miezi miwili hivi.

Hapo ndipo fedha za dawa hupotea. Dawa ya kupulizia huua mende walio wazi, lakini mayai mengi hupona ndani ya kifuko na mende wengine hukimbilia chumba cha pili. Isitoshe, wamekuwa sugu kwa dawa nyingi.

Njia yenye nafuu zaidi ni chambo cha jeli, kinachowekwa kwa vitone vidogo katika nyufa. Mende akila hufia mafichoni, na wenzake wanaokula kinyesi au mzoga wake hupata sumu hiyo. Usipulize dawa palipo na chambo, watakikwepa. Badilisha chambo mara kwa mara: mwaka 1993 watafiti wa Marekani walieleza juu ya mende waliokataa chambo chenye sukari ya glukosi.

Chambo hakifanyi kazi palipo na makombo. Safisha mafuta kila usiku, tengeneza bomba linalovuja, ziba nyufa. Maboksi na kreti za soda vikaguliwe mlangoni, kwani mende wengi huingia pamoja na bidhaa.

Kwa mnunuzi, ushauri ni mmoja. Kabla ya kulipa kilemba, tega mitego ya gundi jikoni usiku kucha. Ukiwaona mende hata mchana, ujue mafichoni wamejaa. Mwenye mgahawa awaondoe kwanza, au gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.