Siku 42 bila mgonjwa mpya

Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kwamba mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, Tanzania, umekwisha. Hakuna aliyekuwa ameviona virusi vikitokomea. Kilichokuwepo ni siku 42 zilizopita bila mgonjwa mpya.

Je, kutoona kitu kunatosha kusema hakipo? Mara nyingi hakutoshi, lakini hapa kulitosha. Dalili za Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Kama mgonjwa wa mwisho alimwambukiza mtu, mtu huyo angeugua ndani ya siku 21. Muda huo huzidishwa mara mbili, ili hata maambukizi yaliyojificha yapate nafasi ya kujitokeza, na hesabu huanza baada ya mgonjwa wa mwisho kupimwa mara ya pili na kukutwa hana virusi. Muda wote huo wahudumu wa afya huendelea kufuatilia tetesi za homa na vifo vyenye utata. Bila ufuatiliaji huo, siku 42 zingekuwa tarehe tu kwenye kalenda.

Maabara nayo ina utaratibu wake. Anayetafuta vimelea vya malaria kwa hadubini hatakiwi kuandika "havijaonekana" kabla ya kukagua angalau maeneo 100 ya tone nene la damu. Slaidi iliyotupiwa jicho mara moja haimwambii daktari chochote.

Ndiyo maana nakereka kila ninapowasikia wauzaji wa dawa za kuongeza nguvu wakijitetea kwamba hakuna utafiti ulioonyesha madhara. Utafiti upi, ikiwa haujawahi kufanyika?

Hata ukaguzi mzuri huwa na mahali usipofika. Liberia ilitangazwa huru dhidi ya Ebola tarehe 9 Mei 2015, baada ya siku 42. Mwishoni mwa Juni kijana mmoja alifariki katika jimbo la Margibi, na sampuli ya maiti yake ikakutwa na Ebola. Virusi hivyo vilifanana na vya mlipuko uliotangulia nchini humo. Siku zilihesabiwa sawasawa, ila virusi vya Ebola vinaweza kubaki miezi mingi katika shahawa za mwanamume aliyepona, wala yeye haumwi. Sasa baada ya siku 42 huongezwa siku 90 za ufuatiliaji wa karibu, na wanaume waliopona hushauriwa kupima shahawa hadi wapate majibu mawili mfululizo yasiyo na virusi.