Vyuo Vikuu, Makampuni na Sauti za Watu wa Pwani



Siku hizi tunasikia mara kwa mara kwamba vyuo vikuu na makampuni yameungana kutengeneza vyombo vya habari vya kesho: redio za kwenye simu, magazeti yasiyo na karatasi, na mashine zinazosikia maneno ya mtu zikayaandika au kuyatafsiri. Wengi wetu huku Palma, Mocímboa da Praia na visiwani tunadhani hayo ni mambo ya wasomi wa Maputo na wageni. Sivyo. Hili ni jambo la kazi, na penye kazi lazima tuulize nani anatoa jasho na nani anakula.

NANI ALILIMA KWANZA?

Tuanze na Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Zilitolewa bure. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba itatia programu zake katika Kiswahili. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini msitu ulikuwa umekwisha kufyekwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hicho ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, baada ya kazi ndefu ya kukusanya maneno kutoka vinywani mwa watu na katika maandishi. Hatusemi kwamba kampuni iliiba. Tunasema kwamba chuo cha umma hufanya kazi ya miaka mingi isiyoleta faida upesi, kisha kampuni hufika wakati wa mavuno. Kama makubaliano hayasemi mavuno yatagawanywa vipi, yataelekea upande mmoja.

Hapa Msumbiji mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katikati ya miaka ya 1990 kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane ndicho kilichoanza kuwaunganisha watu na intaneti. Mwaka 1999 vilifunguliwa vituo vya majaribio vya simu na kompyuta kwa wananchi huko Manhiça na Namaacha, yote miji ya mkoa wa Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Palma. Makampuni yalipoenea yalisimamisha minara penye wanunuzi wengi. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 mawasiliano ya simu yalikatika, na watu waliokimbilia msituni na ufukweni walishindwa kuwaarifu jamaa zao kama wako hai. Kwa hiyo tukiambiwa habari za mashine za kesho, tukumbuke kwamba hata simu ya leo bado haijawa ya kutegemewa.

MASHINE HULISHWA NINI?

Mashine ya kusikia lugha hufundishwa. Hulishwa saa nyingi za sauti za watu, na kila sentensi huwa na maandishi yake. Kwa Kiswahili, tangu mwaka 2021 shirika la Mozilla limekuwa likikusanya sauti zinazotolewa na watu kwa hiari katika mradi wa Common Voice. Akiba hiyo iko wazi kwa kila mtu: mwanafunzi maskini na kampuni tajiri huichota sawasawa.

Kimwani hakina rafu ndefu za vitabu. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kiliandaa semina ya kusawazisha maandishi ya lugha za Msumbiji, na kazi hiyo ikaendelea mwaka 1999 na 2008. Hivyo wataalamu wa kuandika wapo. Sauti zenyewe ziko katika redio zetu za jamii. Watangazaji wake, wengi wao wa kujitolea wanaopata posho ya sabuni tu, wamekuwa wakitangaza kwa lugha ya nyumbani habari za uvuvi, kipindupindu, kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, na vita iliyoanza Oktoba 2017. Kuna waliolipa kwa zaidi ya jasho. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka tarehe 7 Aprili 2020.

Tena mashine haifundishiki bila mtu wa kukaa kitako, kusikiliza, kuandika na kusahihisha. Kazi ya namna hii imefanywa na vijana wa Nairobi kwa ajili ya makampuni ya ng'ambo. Januari 2023 gazeti la Time liliandika kwamba waliosafisha maandishi machafu kwa ajili ya mashine ya ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wafanyakazi hao hawakungoja kuonewa huruma. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi hizo walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao.

TUDAI NINI?

Hatuukatai utafiti. Mama aliyekimbia Mocímboa na hajui Kireno angefaidika sana na simu inayomsomea tangazo la zahanati kwa Kimwani. Lakini siku chuo au kampuni itakapokuja kuomba kanda za redio, tudai haya:

1. Mkataba usomwe hadharani kwa Kimwani, Kiswahili na Kimakonde, si kwa Kireno na Kiingereza tu.

2. Mwenye sauti aelezwe itatumika wapi, na awe na haki ya kukataa. Mtangazaji na mwandishi wa kanda walipwe mshahara, si posho.

3. Nakala ya akiba yote ibaki mkoani, katika redio yenyewe na katika Chuo Kikuu cha Lúrio, ambacho kina matawi yake Pemba.

4. Vijana wetu wafundishwe kuitengeneza mashine, wasiishie kuilisha.

5. Sauti ya mtu humtambulisha. Penye vita, kanda ya mkimbizi ikiangukia mikono mibaya inaweza kumwua. Zilindwe kabla hazijatolewa.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba aliyechuma juani ndiye huyo huyo atakayekula kivulini. Jambo hili lijadiliwe katika mikutano ya matawi sasa, kabla kanda ya kwanza haijatoka mlangoni.