Akaunti ni yako, lakini paswadi iko na nani?

Hebu jibu hili bila kuangalia simu: PIN yako ya KRA imeunganishwa na imeli gani? Sio ile ya Instagram. Ile uliyofunguliwa saiba ulipomaliza kidato cha nne.

Kama umekulia Nyeri, Karatina, Othaya au Nanyuki, hii stori unaijua. Kitambulisho kimetoka, HELB inataka PIN, unaenda saiba karibu na steji na kupata foleni imefika kwenye ngazi. Jamaa wa saiba hana wakati. Anakuuliza majina na mwaka wa kuzaliwa, anakufungulia imeli, anaweka paswadi ileile anayowawekea wote. Ukiwa huna simu, anaweka namba yake. Dakika kumi, umelipa, umeenda zako.

Moto unawaka miaka miwili mitatu baadaye, mwezi wa sita. Ritani za mwaka uliopita zinafaa kuingia kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama una PIN tu na hukupata hata ndururu. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000, na kila mwaka ulioruka unakuja na yake. Unajaribu kuingia, paswadi imekataa. Unaomba mpya, unaambiwa imetumwa kwa imeli. Imeli nayo inataka kuthibitisha kwa namba ya simu usiyoijua. Unarudi saiba, unakuta siku hizi ni kinyozi.

Na sio KRA pekee. Imeli hiyohiyo huenda ndiyo iko eCitizen, penye leseni ya kuendesha gari, pasipoti na cheti cha tabia njema. Kazi imetangazwa, siku za kutuma maombi ni chache, na wewe umefungiwa nje ya maisha yako mwenyewe.

Julai 2023 eCitizen ilipolemewa na mashambulizi, kundi lililojiita Anonymous Sudan likasema ndilo lililohusika, na nchi nzima ikaongea kuhusu wadukuzi. Sawa, hao wapo. Lakini wengi wetu mtu mwenye funguo zetu hayuko Sudan. Yuko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, na wala hakukusudia ubaya. Alikusaidia siku ambayo hakuna mwingine angekusaidia. Shida ni kwamba funguo hukuwahi kupewa.

Sasa zichukue wiki hii, kabla ya foleni za Juni.

Anza na imeli. Ukiweza kuingia, badilisha paswadi, kisha angalia namba na imeli za kurejesha akaunti. Ukikuta namba ya mtu, itoe na uweke yako. Halafu angalia orodha ya vifaa vilivyoingia na uondoe usivyovijua.

Ukishindwa kabisa, usifungue PIN nyingine, maana mtu mmoja ana PIN moja. Beba kitambulisho halisi uende ofisi ya KRA au Huduma Centre ya Nyeri, uombe imeli ibadilishwe.

Tatu, linda laini, kwa sababu namba za uthibitisho zinakuja huko. Ukiwa Safaricom, *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na *100*100# inazuia mtu kubadilishiwa laini yako na wakala.

Nne, ukirudi saiba, andika paswadi kwa mkono wako. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi, kataa. Toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kama ulituma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp ya saiba, mwambie aifute ukiwa hapo. Usione haya: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba data yako ifutwe ikiwa haihitajiki tena.

Ukimaliza, kaa chini na mama au guka. Wao pia walifunguliwa akaunti na mtu, na mara nyingi paswadi yao imeandikwa nyuma ya risiti iliyopotea. Wasaidie, lakini waache waandike wenyewe, hata wakichukua nusu saa. La sivyo, wewe ndiye utakuwa jamaa wa saiba wa nyumbani.